Kamati ya Nyuzi za Besi

Benchi letu liko Malangali, ubavuni mwa mashine ya kusaga, mahali ambapo upepo wa Sumbawanga haukupati mpaka uzunguke kona. Ni ubao wa mkaratusi juu ya matofali, umelainishwa na makalio ya watu wasio na haraka. Mimi ndiye ninayewauzia kahawa, wananiita Mama Abel, na kabla hujaniuliza nakaa na wanaume hawa kutwa kwa sababu gani, ujue kwamba birika ni langu, jiko ni langu, na hata huo ubao niliuleta mimi. Wao wameleta midomo tu. Kuna Profesa, yaani mwalimu Adolfu, mstaafu aliyefundisha jiografia maisha yake yote na hajawahi kukubali kwamba duniani kuna somo jingine. Kuna Injinia, yaani Benjamini, fundi pikipiki, ambaye kila pikipiki anayoitengeneza haifiki kwa mwenye nayo bila kwanza kurudi kwa fundi. Na kuna Kapteni, yaani Stanley, muuza migebuka, samaki wakavu wa ziwani kutoka Kasanga, aliyepanda boti mara moja tu akatapika mpaka wakamrudisha nchi kavu. Asubuhi ile ya Jumamosi umeme ulikuwa umekatika, mashine imenyamaza, baridi imekaza, na wazee wangu hawakuwa na kitu cha kubishania. Ndipo akapita Vitus.

Vitus hupiga besi kwenye kwaya ya parokia yetu. Si gitaa la besi la umeme. Ni lile besi la kusimama, la mbao, refu kumzidi yeye, waliloliacha wamisionari. Marehemu mzee Modesti alilipiga mpaka mvi zikamwisha, akamfundisha Vitus, akafa. Sasa nyuzi zake zimechakaa. Siku ya Pentekoste ule uzi mnene ulikatika katikati ya wimbo wa Utukufu, ukalia kama mlango uliopigwa teke, watoto wakapiga mayowe. Tangu siku hiyo Halmashauri ya Walei imeanza kukisifia kinanda, kile chenye kitufe ukikibonyeza kinatoa besi chenyewe. Wamesema wazi: besi lisipolia siku ya somo wa parokia, yaani sikukuu ya mtakatifu wetu msimamizi, Askofu akija, linakwenda stoo, na Vitus ajiunge na waimbaji. Na Vitus hawezi kuimba. Nimemsikia mwenyewe, Mungu anisamehe. Asipokuwa nyuma ya lile besi, pale kwaya hana mahali.

Alikuwa anapanda barabara kwa haraka, simu mkononi. Angeweza kupita. Lakini kwetu mtu hapiti kama ng'ombe mbele ya wakubwa waliokaa. Anasalimia. Akishasalimia anaulizwa anakokwenda, na akishaulizwa hawezi kujibu "hapo tu" akaeleweka.

Vitus: Shikamooni wakubwa.

Profesa: Marahaba. Mbona mbiombio? Kuna nini huko juu?

Vitus: Natafuta mtandao mwalimu, nyumbani haushiki. Nampigia Baba Paroko. Yuko Dar, kwenye duka la vyombo vya muziki, anataka nimwambie achukue nyuzi gani za besi.

Injinia: Kwani ziko namna ngapi?

Vitus: Tatu. Za utumbo, za chuma, na hizi za nailoni ndani, juu zimezungushiwa waya. Amenitumia picha.

Kapteni: Na wewe unachukua zipi?

Vitus: Hizi za nailoni zenye waya. Za chuma zinavuta sana, na kifua cha besi kina ufa, marehemu aliugundisha. Za utumbo nazo, masika zinalegea, kiangazi zinakaza, kila Jumapili nitakuwa nakaza tu badala ya kupiga. Mwenye duka anasafiri leo, anafunga. Ngoja nimuwahi.

Profesa: Kaa.

Vitus: Mwalimu, Baba ananisubiri.

Profesa: Nimesema kaa, mwanangu. Jambo la kanisa haliamuliwi barabarani.

Alikaa. Nikammiminia kikombe, nikamwambia kwa sauti ya chini apige simu kwanza halafu ndiyo anywe. Profesa akanisikia.

Profesa: Mama Abel, haya ni mambo ya kitaalamu.

Mimi: Yeye ndiye anayelipiga.

Profesa: Dereva ndiye anayeendesha basi. Umewahi kuona dereva anaulizwa matairi?

Injinia: Anaulizwa, mwalimu. Tena ndiye anayeulizwa wa kwanza.

Profesa: Tuunde kamati.

Hapo ndipo ninapowachukia. Watu hawa hawawezi kuchagua hata kashata bila kamati. Wakapoteza muda mzuri wakibishania uenyekiti. Profesa akautaka kwa umri, Kapteni akautaka kwa sababu ameishi karibu na maji na sauti husafiri vizuri majini, Injinia akautaka kwa sababu yeye peke yake ana bisibisi. Mwishowe Profesa akawa mwenyekiti, Injinia akawa katibu, na Kapteni akawa mjumbe anayewakilisha ukanda wa ziwa.

Vitus: Na mimi?

Profesa: Wewe ni mhusika. Mhusika anasikiliza.

Injinia akaichukua simu ya Vitus ili kamati izione picha. Akaikuza picha kwa vidole vyenye grisi mpaka kikaonekana kipande kimoja cha uzi, kinene, kimejaa skrini yote.

Injinia: Waheshimiwa, hii ya chuma si kitu kigeni. Hii ni waya wa breki. Ninazo dukani. Ule mwembamba ni waya wa breki, unaofuata ni wa klachi, wa tatu ni nyaya mbili za breki zilizosokotwa pamoja.

Kapteni: Na wa nne?

Injinia: Wa nne ule mnene tunachukua waya wa kuvutia magari yaliyokwama. Baba Paroko arudi mikono mitupu, mzigo wa nini.

Vitus: Kaka, kile kifua kina ufa.

Injinia: Ufa tunatia bolti.

Vitus: Besi litiwe bolti?

Injinia: Unashangaa nini? Pikipiki yenye bolti na isiyo na bolti, unapanda ipi?

Kapteni: Sikilizeni, chuma hapana. Chuma nakataa kabisa. Nyie ni watu wa hapa hapa, mnaijua radi ya Sumbawanga. Haihitaji kuitwa. Sasa nyie mnachukua waya, mnaunyoosha kwenye mti mrefu, mnausimamisha kanisani mwezi wa pili?

Injinia: Kanisani radi haiingii.

Kapteni: Haiingii kwa sababu haijawahi kuona sababu.

Vitus akacheka kidogo. Halafu nikaona ameacha kucheka, anajitazama mkono wa kushoto, ule wenye sugu kwenye ncha za vidole. Ndipo nikajua wamempata. Mtu aliyekuja na akili yake timamu sasa alikuwa anawaza radi.

Vitus: Kwa hiyo... hata hizi za nailoni, kwa sababu zina waya juu?

Kapteni: Ndiyo hatari zaidi mwanangu. Hizo ni za chuma zimevaa koti.

Simu ikaanza kuita mkononi mwa Injinia, ikaifuta ile picha. Injinia akakunja uso, akabonyeza pale pekundu, picha ikarudi.

Vitus: Nani huyo kaka?

Injinia: Hawa hawa wa mtandao. Kutwa kukubembeleza uweke wimbo kwenye simu.

Mimi: Ungetazama kwanza.

Injinia: Mama Abel, niko kikaoni.

Profesa akasafisha koo. Mtu akisafisha koo namna ile, wewe weka maji mengine jikoni.

Profesa: Mmesema ya kwenu. Sasa sikilizeni hoja ya mwinuko. Dar iko usawa wa bahari. Sisi tuko juu huku, kwenye uwanda. Hewa yetu ni nyepesi. Uzi uliotengenezwa kwa hewa nzito ukiuleta kwenye hewa nyepesi, unapanda sauti. Mtanunua besi, itafika huku ni sauti ya tenor.

Kapteni: Na ikipandishwa mlimani zaidi itakuwa soprano?

Profesa: Usinidhihaki Stanley. Jibu liko wazi. Uzi uwe wa huku huku. Na wale wamisionari hawakuwa wajinga, walitumia utumbo. Tunachinja.

Injinia: Tunachinja nini?

Profesa: Ng'ombe. Lakini si wa huku juu. Ng'ombe wa huku anaishi baridini, utumbo wake umelegea kwa uvivu. Tunataka ng'ombe wa bondeni, wa Mtowisa. Kule kuna joto, nyasi ngumu, maji ya kutafuta. Utumbo wa ng'ombe wa Mtowisa umekaza kabla hujaukaza.

Kapteni: Aje kwa gari?

Profesa: Kwa miguu! Apande milima ya Lyamba lya Mfipa kwa miguu yake. Akipanda ule mteremko, utumbo unazoea mwinuko hatua kwa hatua. Akifika hapa juu ameshajipatanisha na hewa.

Nakuapia hakuna aliyecheka. Walitikisa vichwa kwa kukubali. Injinia aliunga mkono akasema hata injini ya fuso hubadilika sauti pale mlimani. Kapteni akauliza swali la kitaalamu.

Kapteni: Dume au maksai?

Profesa: Maksai. Ametulia, amelima, ni mtiifu. Uzi wake hautapoteza sauti.

Injinia: Mwenyekiti, naomba kupinga. Maksai amehasiwa. Unataka besi au unataka sauti ya watoto wa Utoto Mtakatifu?

Profesa akakuna kidevu. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwona mwalimu Adolfu amekosea na amejua.

Profesa: Hoja ina uzito. Basi dume. Katibu, rekebisha. Dume.

Vitus: Wakubwa, lakini utumbo ukishatolewa unatengenezwa vipi ili uwe uzi?

Profesa: Hilo ni la utekelezaji. Sisi ni kamati ya sera.

Simu ikaita tena. Injinia akaikata bila hata kuitazama, kama mtu anayefukuza nzi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kahawa yangu ilipoanza kuniuma mwenyewe. Kapteni alikuwa bado hajatoa dawa yake. Alitaka mshipi wa kuvulia, ule mnene wa kukamatia samaki wakubwa kule ziwani, kwa hoja kwamba uzi uliomshinda nguvu samaki hauwezi kushindwa na wimbo. Mimi nikaona angalau huyu amekaribia nailoni ya Vitus, nikamtia moyo. Nikasema: "Unaona Vitus, hata Kapteni anasema nailoni." Vitus akainua kichwa. Profesa akamgeukia.

Profesa: Plastiki? Kanisani?

Vitus: Si plastiki hasa, mwalimu. Ni...

Profesa: Nailoni ni plastiki. Nimefundisha viwanda vya dunia nzima. Mbele ya altare, siku ya somo wa parokia, wewe utamsifu Mungu kwa plastiki? Kama ndoo?

Injinia: Na marehemu mzee Modesti alikuwa na zipi?

Vitus: Za... zilikuwa kama za waya. Sijui ndani zilikuwa na nini. Alizikuta.

Profesa: Hujui. Mnaona? Hajui marehemu alipiga zipi, na anataka kumwagiza Baba Paroko.

Vitus: Nilikuwa nazisikia kwa vidole, mwalimu. Nilipotazama picha...

Profesa: Vidole! Mwanangu, sikiliza, nakwambia kama baba yako. Hizo nyuzi zikikataa mbele ya Askofu na waamini wote, nani atasimama pale mbele anaangaliwa? Mimi? Huyu Injinia? Ni wewe. Watu watasema kwaya nzima iliaibika kwa sababu ya Vitus. Watasema alishauriwa akakataa. Sasa ukitaka kwenda kupiga simu, nenda. Sijakufunga kamba.

Hilo nalo walikuwa hawajaliandika kwenye ajenda, lakini ndilo pekee lililopita bila kupingwa. Vitus hakuinuka. Alikishika kikombe kwa mikono miwili na kahawa ilikuwa imeshapoa. Nilimwuliza.

Mimi: Vitus, ulipofika hapa ulisema unataka zipi?

Vitus: Zile... za nailoni.

Mimi: Kwa nini?

Vitus: Kwa sababu ya ule ufa. Lakini Kapteni naye anasema kuna radi. Na mwalimu anasema hewa.

Mimi: Na wewe unasema nini?

Vitus: Ngoja kwanza wamalize, Mama Abel.

Nilitamani kumpiga na kijiko. Mkulima mzima, mtu anayejua kwa kulitazama wingu kama mahindi yake yatapata mvua au hayatapata, amekaa anasubiri watu watatu wasiojua besi lina nyuzi ngapi wamalize kumfikiria. Na hawakuwa na dalili ya kumaliza. Wakati huo walikuwa wameshafika kwenye umri wa dume, na kama ni bora awe ameoa, kwa maana ya kuwa na majike yake.

Ndipo Otilia akatokea kwenye kona, kitenge mabegani, anahema. Otilia ni kiongozi wa kwaya, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kutosha watu wanne. Simu yake ilikuwa mkononi, imeelekezwa mbele kama taa.

Otilia: Vitus! Mwalimu shikamoo. Vitus, simu yako ina nini? Baba Paroko amekupigia unamkatia, amekupigia unamkatia!

Vitus akamtazama Injinia. Injinia akaitazama simu, akaifuta grisi kwa shati lake taratibu, akaiweka juu ya ubao kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota.

Otilia: Yuko hewani hapa. Mwenye duka ameshika funguo mkononi. Neno moja tu. Zipi?

Kamati nzima ilikuwepo, mwenyekiti, katibu, na mjumbe wa ukanda wa ziwa, na hakuna aliyejibu. Kapteni aliinamia kikombe chake akaanza kutafuta kitu ndani.

Sauti ya Baba Paroko ikatoka kwenye simu, imechoka, nyuma yake honi za Dar.

Paroko: Vitus? Tumsifu Yesu Kristo.

Vitus: Milele amina, Baba.

Paroko: Haya mwanangu. Zipi?

Profesa akamsogelea Vitus sikioni.

Profesa: Mwambie kamati inaendelea.

Otilia: Kamati gani?

Sikuweza kuvumilia. Nikasogeza mdomo kwenye ile simu.

Mimi: Baba, ni Mama Abel wa kahawa. Alisema za nailoni zenye waya juu! Amesema mbele yangu!

Paroko: Ahsante mama. Vitus, ndivyo? Nichukue za nailoni?

Hapo ilikuwa imebaki ndiyo. Silabi mbili tu. Nilimwona Vitus anafungua mdomo. Akamtazama mwalimu Adolfu, akamtazama Injinia, akamtazama Kapteni. Wote watatu wakamtazama kwa zile nyuso za watu ambao hawatakuwepo lawama zikija.

Vitus: Sijui, Baba.

Paroko: Hujui?

Vitus: Pengine... pengine wakubwa hapa...

Paroko: Mwanangu, anayelipiga ni wewe. Kama wewe hujui, mimi ninunue kwa akili ya nani?

Tukasikia mwenye duka kule anasema jambo, na mlango wa chuma unashushwa.

Paroko: Basi, tusisumbuane. Kinanda kipo. Tutaonana kesho jioni, msalimie mama.

Simu ikakatika. Otilia aliendelea kuishikilia mbele kwa muda, halafu akaiteremsha. Nilidhani atafoka, maana naijua ile sauti. Hakufoka. Alimgusa Vitus begani akasema mazoezi ni saa tisa, aje akae na besi za kuimba, watampangia nyuma.

Vitus akainuka. Akaichukua simu yake ubaoni.

Vitus: Nilipotoka nyumbani nilikuwa najua.

Hakumwambia mtu. Aliisema tu, halafu akateremka barabara ile ile aliyokuja nayo, na mkono wake wa kushoto ulikuwa unacheza vidole kwenye paja, vinapanda na kushuka, bila yeye kujua. Nilimtazama mpaka akapotea kwenye kona ya mashine. Moyo uliniuma kweli, sitaficha.

Kwenye benchi Injinia akasema kwa vyovyote zile picha zilikuwa hazionekani vizuri. Kapteni akasema kinanda nacho kina uzuri wake.

Profesa: Tatizo la vijana wa siku hizi ni hilo. Hawana msimamo. Mama Abel, tuongezee.

Birika lilikuwa limejaa zaidi ya nusu, tena la moto, nilikuwa nimeliinjika upya muda si mrefu. Nililishika kwa kanga, nikalisogeza mpaka mbele ya viatu vyao, nikalimimina lote chini. Kahawa ikafuka mvuke kwenye ile baridi, ikapita kati ya matofali, ikaingia mtaroni. Kisha nikawaambia imekwisha.